Lalamiko si Shtaka: Istilahi za Kamati ya Chuo katika Mambo ya Uhuru wa Kitaaluma

Utangulizi

Katika likizo yangu iliyopita nilikwenda nyumbani Sepuka, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Mavuno yalikuwa yamekwisha ingia ndani, na jioni watu walikuwa na nafasi ya kuzungumza. Jioni moja alinijia kijana wa kaka yangu, ambaye alikuwa akisoma katika chuo kimoja hapa nchini, akiwa na bahasha mkononi. Akaniambia, "Baba mdogo, wewe kazi yako ni maneno. Hebu nisomee barua hizi unieleze nilikosea wapi."

Barua zilikuwa tatu. Ya kwanza aliiandika yeye mwenyewe kwenda kwa uongozi wa chuo, yenye kichwa "YAH: MALALAMIKO". Alieleza kwamba alikuwa amefanya utafiti mdogo juu ya lumbesa katika biashara ya vitunguu, na kwamba msimamizi wake alimtaka aondoe sura nzima ya taarifa yake kwa kuwa ingewaudhi watu wanaokisaidia chuo. Barua ya pili ilikuwa jibu la chuo, nayo ilikuwa na kichwa "YAH: SHAURI LAKO". Ilimtaka afike mbele ya Kamati ya Nidhamu siku iliyotajwa. Barua ya tatu ilimpa onyo kali kwa kosa la kumtuhumu mwalimu bila ushahidi, na kuhitimisha kwa maneno haya: "Uamuzi huu una rufaa kwa Baraza la Chuo ndani ya siku 14."

Nilimwuliza kwa nini alikwenda mbele ya kamati bila shahidi wala karatasi. Akajibu kwamba aliitwa shaurini, naye alidhani anakwenda kushauriana. Nilimwuliza tena kwa nini hakukata rufani. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nasi akanitangulia kujibu: "Mwanangu, rufaa si ile ambayo daktari wa zahanati anakuandikia cheti, ukapelekwa Singida mjini? Huyu alikuwa anangoja apelekwe." Kijana akainamisha kichwa. Hivyo ndivyo alivyoelewa. Siku 14 zilikuwa zimepita zamani.

Tangu jioni ile nimeona kwamba jambo hili linatuhusu sisi tunaoshughulikia istilahi kuliko tunavyopenda kukiri. Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili: kwanza, uhuru wa kitaaluma ni kitu gani na kamati ya chuo hupaswa kufuata njia ipi inapopokea lalamiko juu yake, pili, ni maneno yapi ya Kiswahili yanayoweza kuilinda njia hiyo, na yapi yanayoipotosha. Maoni yaliyomo ni ya mwandishi mwenyewe, nayo yanatolewa ili yajadiliwe.

Uhuru wa Kitaaluma ni Nini?

Neno taaluma asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kujifunza. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu katika matumizi ya siku hizi neno hili limepanuka sana. Tunasema taaluma ya udaktari, taaluma ya uhandisi, taaluma ya uandishi wa habari, tukiwa na maana ya kazi inayohitaji ujuzi maalumu. Matokeo yake ni kwamba mtu akisikia "uhuru wa wanataaluma" hufikiri ni uhuru wa daktari au mwanasheria katika kazi yake. Na hata akifahamu kwamba linazungumzwa jambo la chuoni, atadhani ni haki ya maprofesa peke yao.

Wajerumani wa karne ya 19 walikuwa na maneno mawili: moja la uhuru wa kufundisha, na jingine la uhuru wa kujifunza. Jumuiya ya Maprofesa wa Vyuo Vikuu vya Marekani ilipotoa tamko lake la kwanza mwaka 1915 ililitambua neno hilo la pili, lakini ikaeleza kwamba tamko lake linahusu uhuru wa mwalimu. Sisi hatuna sababu ya kurithi upungufu huo. Istilahi "uhuru wa kitaaluma", yenye kiambishi ki- cha namna, haimtaji mtu wala cheo. Inataja namna ya uhuru wenyewe: uhuru unaohusu kutafuta, kupima na kutoa elimu. Mwalimu yumo, mtafiti yumo, na mwanafunzi yumo. Kwa sababu hiyo napendekeza ishike nafasi ya "uhuru wa wanataaluma" na "uhuru wa wasomi", ambazo zinaonekana hapa na pale.

Yaliyomo ndani ya uhuru huo yameelezwa vizuri katika Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu. Kwa ufupi ni haya: kufundisha na kujadili bila kufungwa na fundisho lililoamriwa; kufanya utafiti na kutangaza matokeo yake; kutoa maoni kwa uwazi juu ya chuo chenyewe na mfumo wake; kutodhibitiwa maandishi na chuo; na kushiriki katika vyombo vya kitaaluma vya kuwakilisha wenzao. Pendekezo hilohilo linataja pia wajibu: kufundisha kwa uaminifu, kuheshimu ushahidi, kutoiba kazi ya mwingine, na kumtendea mwanafunzi kwa haki.

Ni lazima kuutenganisha uhuru huu na jamaa zake wawili wa karibu. Wa kwanza ni uhuru wa maoni, ambao ni wa kila mtu, awe chuoni au shambani. Kwetu Tanzania unalindwa na Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977. Wa pili ni mamlaka ya chuo kujiendesha, yaani haki ya chuo kama chombo kuamua mambo yake ya elimu bila kuingiliwa kutoka nje. Watu wengi huyaita yote mawili "uhuru wa chuo", na hapo huzaliwa balaa, maana chuo chaweza kuwa na mamlaka kamili ya kujiendesha na papo hapo kikamnyima mwalimu wake uhuru wa kitaaluma. Mkuu wa chuo akisema "tunalinda uhuru wa chuo", msikilizaji hana budi kuuliza ni uhuru wa nani.

Katiba yetu haikuutaja uhuru wa kitaaluma kwa jina, ingawa Ibara ya 11 inampa kila mtu haki ya kujielimisha na kufuata elimu katika fani anayoipenda kwa kadiri ya stahili na uwezo wake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 29, na ile ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 33, zimeutaja waziwazi. Kwa hiyo hapa kwetu sehemu kubwa ya ulinzi wake hutegemea kanuni za chuo chenyewe, na kanuni hutegemea maneno yaliyoandikiwa.

Historia Yetu Inafundisha Nini?

Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na kikawa chuo kikuu kamili tarehe 1 Julai 1970. Mwaka huohuo lilitokea jambo ambalo kila mtaalamu wa lugha angepaswa kulijua. Chama cha wanafunzi kilichojulikana kwa kifupi USARF kilikuwa kikitoa jarida lililoitwa Cheche. Ndani yake zilichapishwa makala za uchambuzi mkali wa uchumi na siasa, mojawapo ikiwa ya kijana wa wakati ule, Issa Shivji. Mnamo Novemba 1970 chama pamoja na jarida vilipigwa marufuku. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni jina lenyewe: ilisemwa kwamba Cheche ni tafsiri ya Iskra, jina la gazeti la Lenin, na kwamba Tanzania haihitaji kuazima ujamaa wa kigeni.

Hatutaki hapa kuamua nani alikuwa na haki. Linalotuhusu ni kwamba palikuwa na lalamiko, tena zito, juu ya maandishi ya kitaaluma, na halikupita katika kamati yoyote ya chuo ambako waandishi wangeulizwa walikusudia nini kwa neno lao, na hoja zao zikapimwa kwa hoja. Neno la Kiswahili, ambalo kila mama anayepuliza moto jikoni analifahamu, lilisomwa kwa tafsiri yake ya Kirusi, likahukumiwa kwa tafsiri hiyo.

Mwaka uliofuata, Julai 1971, kiongozi wa jumuiya ya wanafunzi, Symonds Akivaga, aliyekuwa raia wa Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi kuulalamikia uendeshaji wa chuo. Wakati huo Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umekwisha toka, nao ulikuwa umewakataza viongozi majivuno na ukandamizaji. Wanafunzi walitumia lugha yake. Jibu lilikuwa kumwondoa Akivaga chuoni, naye akachukuliwa na polisi. Wanafunzi wakasusia masomo, na chuo kikaingia katika mgogoro ambao hata leo watu wanauita kwa jina lake. Barua iliyoanza ikiwa lalamiko ilimalizika ikiwa kosa la mwandishi wake.

Yalipita karibu miaka 20 kabla wanataaluma wenyewe hawajakaa chini kuandika kanuni. Tarehe 19 Aprili 1990 wajumbe wa jumuiya sita za wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu nchini walipitisha Azimio la Dar es Salaam juu ya Uhuru wa Kitaaluma na Wajibu wa Wanataaluma kwa Jamii. Mwezi uliofuata, Mei 1990, Serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutokana na mgogoro wa wanafunzi, jambo lililoonyesha kwamba Azimio halikuja mapema. Mnamo Novemba 1990 wasomi wa Afrika walikutana Kampala, wakapitisha Azimio la Kampala lenye mwelekeo huohuo.

Maazimio hayo mawili yana mambo mengi. Hapa tutazame moja tu. Yanasema kwamba mwalimu au mtafiti haondolewi kazini ila kwa utovu mkubwa wa maadili, au kutoweza kazi kuliko thibitishwa, au uzembe usiolingana na kazi yake. Na kwamba hata hapo sharti asikilizwe kwa haki mbele ya chombo kilichochaguliwa kidemokrasia na jumuiya ya wanataaluma. Ndiyo kusema, swali la nani anasikiliza lina uzito sawa na swali la nini kimetendeka. Kamati iliyoteuliwa na mlalamikiwa haiwezi kuwa kamati ya haki, hata wajumbe wake wakiwa malaika.

Safari ya Lalamiko Mbele ya Kamati

Sasa tufuate safari ya lalamiko hatua kwa hatua, tukitazama istilahi ya kila hatua. Njia hii si uzushi wa mwandishi. Ni mukhtasari wa mambo yanayokubalika katika vyombo vingi, pamoja na masharti ya haki ya asili ambayo Ibara ya 13 ya Katiba yetu imeyaweka: mtu kusikilizwa kwa ukamilifu, na kuwa na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria.

Kupokea. Jambo la kwanza ni kuandikishwa kwa lalamiko katika daftari na mlalamikaji kupewa hati ya kulipokea. Hapa tutue kidogo juu ya neno. Lalamika linatokana na lalama, yaani kuomba kwa unyonge, kama alalamavyo mtu anayepigwa. Unyonge huo umebaki katika masikio ya wakubwa: anayelalamika huonekana ama anaomba huruma ama ananung'unika. Lakini katika sheria na katika kanuni za vyuo mlalamikaji haombi huruma. Anaeleza kwamba haki iliyoandikwa imevunjwa. Neno lenyewe limekwisha kuzoeleka na halina haja ya kubadilishwa. Linalohitajika ni fasili iliyo wazi inayolitenga na nung'uniko kwa upande mmoja, na shtaka kwa upande wa pili.

Na shtaka ni neno la kutisha. Wachache wanafahamu kwamba kitenzi chake, shtaki, kinatoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kulalamika. Neno liliingia katika Kiswahili likiwa kilio cha aliyeonewa, likaishia kuwa rungu mkononi mwa mwenye mamlaka. Yaliyompata neno hili ndiyo yaliyompata kijana wa Sepuka: aliingia mlangoni mwa kamati akiwa mlalamikaji, akatoka akiwa mshtakiwa.

Kuchuja. Hatua ya pili ni kuamua lalamiko ni la namna gani. Si kila linaloitwa uhuru wa kitaaluma ni uhuru wa kitaaluma. Mwalimu anayechelewa darasani kila siku hawezi kujikinga kwa jina hilo, wala mwanafunzi aliyepata alama ndogo kwa kazi mbovu. Kuchuja ni kulielekeza lalamiko kwenye mlango wake: la mshahara liende kwenye utumishi, la matokeo ya mtihani liende kwa bodi ya mitihani, la utovu wa nidhamu liende kwenye nidhamu, na la uhuru wa kitaaluma liende kwenye kamati yake. Chuo ambacho kina mlango mmoja tu, yaani Kamati ya Nidhamu, kinageuza kila sauti kuwa kosa, hata kama wajumbe wake ni watu wema. Sidhani kwamba waliomwita kijana yule walikuwa na nia mbaya. Walirithi mlango mmoja, na neno moja lililoandikwa juu yake.

Neno hilo lilikuwa shauri. Katika Kiswahili cha kila siku shauri ni ushauri, ni mawazo yanayotolewa kwa hiari. Katika Kiswahili cha mahakama shauri ni kesi. Maana zote mbili ni halali, na mahakama haina haja ya kuliacha neno lake. Lakini barua ya wito inayokwenda kwa mtu asiye mwanasheria isitumie neno lenye maana mbili pasipo kufafanua. Iseme wazi: umeitwa kama mlalamikaji, au kama mlalamikiwa, au kama shahidi; jambo linalozungumzwa ni hili; una haki ya kuleta vielelezo na mtu wa kukusaidia.

Kujitenga. Kabla ya kusikiliza, mjumbe mwenye uhusiano au masilahi katika jambo lililoletwa hujitenga. Baadhi ya kanuni zinasema "kujiuzulu", nalo ni kosa, maana anayejiuzulu anaacha ujumbe wake moja kwa moja. Anayejitenga anakaa pembeni kwa lalamiko hilo tu.

Usuluhishi. Vyombo vingi hujaribu kwanza kuzikutanisha pande mbili. Jumuiya ya Marekani niliyoitaja ina kamati maarufu iitwayo kwa herufi A, na desturi yake ni kujaribu suluhu kwanza. Ikishindikana ndipo wachunguzi hutumwa chuoni. Kwa istilahi ya hatua hii sisi tumekwisha pata msingi: chombo chetu cha migogoro ya kazi kinaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Msuluhishi huwasaidia wenye mgogoro wafikie mapatano yao wenyewe; mwamuzi husikiliza na kukata neno. Kamati za vyuo zifuate tofauti hiyohiyo, wala zisimwite msuluhishi mtu ambaye mwishowe ndiye atakayehukumu.

Uchunguzi. Suluhu ikishindikana, kamati huchunguza. Neno upelelezi lisitumike hapa, kwa kuwa ni la polisi, na msikilizaji wake huanza kutafuta mhalifu. Kamati hutafuta ukweli wa jambo. Katika lalamiko la uhuru wa kitaaluma ukweli huo huzunguka swali moja: je, sababu ya kumzuia mtu huyu ilikuwa ya kitaaluma au ilikuwa nyingine?

Tuchukue mfano wa sura iliyoondolewa. Msimamizi ana haki, tena ana wajibu, kumwambia mwanafunzi wake aondoe sura yenye ushahidi dhaifu. Kama alipima magunia machache mno, au hakueleza aliyachaguaje, sura hiyo haifai, na kuiondoa ni kuilinda taaluma. Lakini kama takwimu ni sahihi na sababu pekee ya kuiondoa ni kwamba itawaudhi wafadhili, basi taaluma imeingiliwa. Maneno ya msimamizi yaweza kuwa yaleyale katika hali zote mbili: "Ondoa sura hii." Sababu ndiyo inayotofautisha, na kamati ipo kwa ajili ya kuitafuta sababu. Kijana wangu huenda alikuwa na haki, na huenda hakuwa nayo. Katika maswali yote aliyoulizwa siku ile, hakuna aliyefungua sura yenyewe.

Matokeo. Kamati ikimaliza hutoa ama mapendekezo ama uamuzi, na ni lazima kanuni iseme ni lipi kati ya hayo mawili. Mapendekezo hupelekwa kwa mwenye mamlaka, naye anaweza kuyakubali au kuyakataa kwa kueleza sababu, uamuzi hufunga. Kamati nyingi huandika "imeamuliwa kupendekeza", na walalamikaji hukaa miaka wakingoja utekelezaji wa jambo ambalo halikuwa uamuzi. Aidha matokeo yataje nafuu, yaani kile kinachorudishwa kwa aliyeonewa: sura irudishwe, onyo lifutwe katika jalada, mtihani upimwe upya na mtu mwingine. Neno nafuu limo katika Katiba, nalo linafaa.

Rufani. Hapa tunarudi kwa mzee wa Sepuka. Rufaa na rufani hutumiwa kama neno moja, nayo asili yao ni kuinua jambo kulipeleka juu. Lakini katika masikio ya wananchi wengi rufaa imekwisha kuwa neno la hospitali: hospitali ya rufaa ni ile unakopelekwa na mganga wa chini. Mgonjwa hajipeleki, hupelekwa. Rufani, kwa upande wake, lina makao imara katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, nayo hukatwa na mwenyewe. Napendekeza vyuo vitumie rufani peke yake kwa maana hii, na kila barua ya uamuzi iandikwe hivi: "Una haki ya kukata rufani. Ni wewe mwenyewe utakayeandika barua ya rufani, na iwe imefika kwa Katibu wa Baraza kabla ya tarehe fulani." Tarehe itajwe, isiwe idadi ya siku tu, maana mtu hajui siku zianze kuhesabiwa lini.

Kinga. La mwisho ni ulinzi wa aliyelalamika kwa nia njema. Lalamiko likishindwa, kushindwa kwake pekee kusiwe kosa. Ikiwa mtu amesema uongo kwa makusudi, hilo ni jambo jingine, nalo lina mlango wake. Pasipo kinga hii hatua zote zilizotangulia ni mapambo, kwa kuwa hakuna atakayethubutu kuzianza.

Ngazi za Juu ya Chuo

Yapo malalamiko yanayoishinda kamati ya chuo. Hapa nchini vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na mahakama ziko wazi kwa anayedai kwamba hakusikilizwa. Kimataifa iko kamati ya pamoja ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani, ambayo hupokea malalamiko ya kutofuatwa kwa mapendekezo yanayohusu walimu. Lakini kamati hiyo hupokea malalamiko kutoka kwa jumuiya za walimu, si kwa mtu mmoja mmoja. Hiyo ni sababu moja zaidi ya wanataaluma kuwa na jumuiya zilizo hai.

Tangu mwaka 2021, kwa marekebisho ya sheria, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini mwetu. Ni heshima kubwa, nayo imetuongezea mzigo. Zamani mtu aliyeonewa kwa barua ya Kiingereza aliweza kusema hakuielewa lugha. Leo anaonewa kwa lugha anayoifahamu, kwa maneno anayodhani anayajua, na hana la kujitetea.

Orodha ya Istilahi Zinazopendekezwa

Uhuru wa kitaaluma: haki ya mwalimu, mtafiti au mwanafunzi kutafuta, kupima, kufundisha na kutangaza elimu bila kuzuiwa kwa sababu zisizo za kitaaluma.

Mamlaka ya chuo kujiendesha: haki ya chuo kama chombo kuamua mambo yake ya elimu bila kuingiliwa kutoka nje. Isiitwe "uhuru wa chuo".

Lalamiko: maelezo rasmi ya mtu kwamba haki yake iliyotajwa katika kanuni imevunjwa.

Nung'uniko: kutoridhika ambako hakujaletwa rasmi. Kamati haiwajibiki kulijibu, lakini ni busara kulisikia.

Shtaka: tuhuma rasmi ya kosa inayotolewa na mwenye mamlaka dhidi ya mtu.

Mlalamikaji, mlalamikiwa: aletaye lalamiko, na anayelalamikiwa. Wasiitwe mshtaki na mshtakiwa.

Uchujaji: kuamua aina ya lalamiko na chombo kinachofaa kulishughulikia.

Kujitenga: mjumbe kukaa pembeni katika lalamiko moja kwa sababu ya masilahi au uhusiano.

Usuluhishi: kuzisaidia pande mbili zifikie mapatano zenyewe.

Nafuu: kinachorudishwa au kutendwa ili kuponya haki iliyovunjwa.

Rufani: ombi la aliyeshindwa, linaloandikwa na yeye mwenyewe, la kutaka chombo cha juu kiupitie uamuzi.

Hitimisho

Yawezekana msomaji akasema kwamba maneno hayawezi kumzuia mkubwa aliyekusudia kuonea. Ni kweli. Mwenye nia mbaya ataonea hata kwa istilahi sanifu. Lakini wapo wengi wasio na nia mbaya, wanaoonea kwa sababu karatasi iliyo mbele yao haiwaonyeshi tofauti kati ya mtu anayedai haki na mtu aliyevunja kanuni. Hao wanaweza kusaidiwa. Na aliyeonewa naye anaweza kusaidiwa, akijua kwa neno moja lisilo na shaka kwamba mlango bado uko wazi na ni yeye anayepaswa kuubisha.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 ili, pamoja na mengine, kuendeleza na kusanifisha matumizi ya lugha hii. Ingefaa vyuo vilete kanuni zao za malalamiko zikaguliwe lugha kabla ya kuchapishwa, kama vile mjenzi anavyoleta ramani yake ikaguliwe kabla ya kupandisha ukuta. Wasomaji wenye maoni juu ya istilahi zilizopendekezwa, hasa waliowahi kukaa katika kamati za namna hii au kusimama mbele yake, wanaombwa kutuandikia.

Ama kijana wa kaka yangu, tuliandika pamoja barua ya nne. Inaliomba Baraza la chuo chake likubali rufani iliyochelewa, na inaeleza kwa nini ilichelewa. Mzee aliyekuwa nasi alitaka asomewe kabla haijafungwa. Tulipofika kwenye neno rufani akatusimamisha, akauliza maana yake. Tukamweleza. Akasema, "Sasa hilo andikeni kwa herufi kubwa." Tukaandika.